Chuma cha Ardhini

Sitamtaja jina, na hata ningelitaja wengi wasingejua ninamsema nani. Pale kituo cha afya sote tulimwita Fundi. Watoto wake walimwita Fundi. Mkewe, Mama Bhoke, ndiye peke yake aliyemwita "Wewe." Alikuwa anasimama mlangoni pa banda la jenereta, beseni la mashuka kiunoni, anaita, "Wewe!" na Fundi anaweka chini kila alichoshika, anakuja. Mimi nikimwita, hasikii. Daktari akimwita, anasikia baada ya muda wake.

Mimi nilikuwa nesi msaidizi, mwanamke wa Kinata mwenye mdomo. Najua, huna haja ya kuniambia. Walipotuhamishia kijiji kipya cha ujamaa upande wa Manchira tuliahidiwa shule, maji na matibabu. Shule tuliijenga wenyewe. Matibabu yalikuja na jenereta juu ya lori, na Fundi, Mkurya wa Tarime, amekaa juu ya hiyo jenereta anamfokea dereva kila lori linapoingia shimo. Huyo ndiye aliyefunga umeme kwenye majengo yote ya kituo: wodi, chumba cha kuzalishia, na banda la pampu ya kisima. Na alifunga, jamani, si mchezo. Kule nilikotoka tulizalisha kwa kibatari, mmoja anamshika mama, mwingine anashika kibatari na mkono unamtetemeka. Chini ya taa za Fundi nilianza kuona kazi yangu.

Alikuwa mtu wa kununa. Asubuhi ukimwamkia anakujibu akikutazama miguuni, maana anataka kujua kama umevaa viatu. Ukiwa peku hukaribii swichi yake. Aliwahi kumfukuza mgeni kutoka wilayani, mtu na suti yake, kwa sababu alivua viatu mlangoni kwa heshima akataka kuwasha taa. "Heshima yako ipeleke msikitini au kwa mkweo," alimwambia. "Hapa vaa viatu." Mgeni akavaa.

Tabia yake nyingine ilikuwa mkono. Fundi hakugusa kitu chochote kwa kiganja kwanza. Aligusa kwa mgongo wa mkono, haraka, halafu ndipo anashika. Nilimuuliza sababu, akaniambia umeme ukikukamata kiganjani vidole vinafumba vyenyewe, hutoki tena. Ukikupiga mgongo wa mkono, mkono unaruka. Sawa. Lakini yeye ilishamwingia damuni. Aligusa hivyo mlango, sufuria ya uji, shingo ya ng'ombe, hata paji la mtoto mwenye homa.

"Fundi, hata ugali una umeme?" tulimtania wakati wa chakula.

"Sijui aliyeupika," alijibu, akimtazama mkewe kwa pembeni.

Mama Bhoke ndiye aliyemmaliza. Alikuwa mnene, mcheshi, mfuaji wa mashuka ya kituo, na hakuwa na siri. "Huyu? Tangu anioe hajanishika uso kwa kiganja. Mgongo wa mkono tu, kama napimwa!" Wanawake wote kisimani tulicheka mpaka machozi, na Fundi, mwanaume mzima, akaingia bandani akafunga mlango.

Alikuwa na mambo yanayopingana, nasi tuliyafurahia. Mtu wa umeme, lakini radi ikipiga anaingia chini ya kitanda, na sisi huko hatupungukiwi radi. Alitupa mwanga kituo kizima, nyumbani kwake anasomea Biblia kwa koroboi. Nilipomuuliza alisema nyumba ya nyasi haifungwi umeme hata ikiwa ya rais. Mkewe aliomba taa miaka yote. Kwa mambo mengine mwanamke yule alipata alichotaka, ila hilo la taa alinyimwa kabisa.

Neno lililomchukiza kuliko matusi lilikuwa "taa inawaka." Kijiji chetu kilipima umeme kwa kipimo hicho kimoja. Siku fyuzi ya ofisi ya kijiji ilipokatika, katibu akachomeka msumari mahali pake. Fundi alipoukuta aliuchomoa kwa plaizi akampelekea mezani.

"Nani kaweka hiki?"

"Mimi. Tatizo liko wapi? Taa inawaka."

"Taa inawaka! Taa inawaka!" Fundi alipiga kelele mpaka watu wakasimama barabarani. "Fyuzi ni waya mwembamba makusudi, bwana. Kazi yake ni kufa kabla yako. Msumari haufi. Utakufa wewe, na taa itaendelea kuwaka!"

Katibu alinuna wiki nzima. Lakini hakuna aliyeelewa, tuseme ukweli. Tulisikia ukali, maana yake hatukuisikia.

Sasa nieleze kuhusu chuma, kwa sababu kila kitu kilitoka huko. Pampu ya kisima ilikuwa ya umeme, na ilikuwa na mwili wa chuma na bomba la chuma ambalo wanawake walichotea maji. Fundi aliifunga nyaya tatu. Mwekundu unaleta umeme, mweusi unaurudisha, na wa tatu, wa kijani, ulitoka kwenye mwili wa pampu ukaenda nyuma ya banda, ukafungwa kwa nati kwenye chuma kirefu alichokipigilia ardhini. Huo wa kijani haufanyi kazi yoyote. Pampu inapiga maji bila huo. Kazi yake ni siku umeme ukivuja: badala ya kumngojea mtu ashike bomba, unashuka ardhini na fyuzi inakatika. Na waya wa pampu ile ulikuwa mzee, panya wameutafuna, Fundi ameuviringisha utepe kila mahali. Aliomba mpya. Akaambiwa unakuja. Siku hizo kila kitu kilikuwa kinakuja.

Mimi aliniambia haya kwa sababu nilibishana naye, na Fundi alieleza vizuri akibishiwa. Wengine aliwaambia kwa mkato: "Hapo ndipo panapotulinda. Msipaguse."

Udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Kwa hiyo alipopigilia chuma kile alichimba kuzunguka akajaza mkaa na chumvi, na kila kiangazi, asubuhi kabla ya jenereta kuwashwa, alikwenda na ndoo akapamwagia maji, polepole, ameinama, maji yazame. Tazama sasa. Mwanaume anakwenda alfajiri nyuma ya banda, peke yake, hasemi na mtu, anamwagia ardhi maji mahali alipozika chumvi na mkaa, na anasema hapo ndipo panapotulinda. Katika nchi yetu, wewe ungefikiri nini?

Ng'ombe ndio walioanza. Ng'ombe akisikia harufu ya chumvi humzuii. Walivunja uzio wakaja kulamba, wakachimba kwa kwato mpaka chuma kikatokeza. Fundi akawafukuza kwa fimbo, na mwenye ng'ombe akaja juu.

"Tata, umewawekea ng'ombe wangu chumvi, halafu unawapiga?"

"Sikuwawekea ng'ombe!"

"Umemwekea nani basi?"

Swali hilo lilitembea. Halafu bibi mmoja wa zamani, ambaye hakuwahi kukanyaga kanisa, aliona mahali ng'ombe wanapopapenda akasema hapo pana watu wake, mizimu ya zamani. Akaacha hapo kiganja cha unga wa ulezi. Kesho yake mwingine akaacha. Fundi aliufagia unga akilaani, lakini watu wa kanisa walikuwa wameshauona.

Walimwita mbele ya wazee wa kanisa lao. Mimi ni wa kanisa jingine, haya nilisimuliwa na Mama Bhoke akilia. Fundi aliwaambia umeme unashuka ardhini. Mzee mmoja akamuuliza, "Unashuka kwa nani huko ardhini?" Naye, kwa mdomo ule, akajibu, "Kwa babu yako!"

Ee Mungu. Mtu anaulizwa kama anatambika, anajibu hivyo! Walimtenga na Meza ya Bwana. Atoe chuma, aungame, ndipo arudi. Akasema hawezi kuungama kumwagilia chuma. Na hapo akagoma. Kila Jumapili alikwenda kanisani, akakaa benchi la nyuma kabisa la waliotengwa, viatu vyake vimesafishwa, akawatazama watu wakienda mbele. Mkewe alikwenda mbele peke yake. Alirudi akilia. Kila mara.

Sijui kama nitaweza kukueleza jambo lile lilikuwa nini kwa Mama Bhoke. Alikuwa hamwombi tena taa. Hakutaka kanga mpya. Alikuwa anafua mashuka yetu ya damu, anapumzika, ananiambia, "Nesi, nikifa leo nitakwenda kule, yeye atabaki nje. Nitamtafuta wapi?" Nilimwambia Mungu hana ujinga wa wazee wale. Hakunisikiliza. Alitaka kitu kimoja tu duniani, mume wake akae karibu yake pale mbele. Nyumbani alimbembeleza, akamnunia, akamnyima maji ya kuoga. Fundi akasema, "Nikikitoa kile chuma, mtu atakufa." Mkewe akasikia kama wote walivyosikia: mganga wa kienyeji akikataa kuacha.

Kiangazi kimoja Fundi aliitwa Tarime mjini, huko Bomani, kurekebisha nyaya za ofisi. Aliondoka na lori. Asubuhi iliyofuata wanawake wa kanisa walikuja na majembe, mbele yao mke wa mzee wa kanisa, na Mama Bhoke katikati, kitambaa cheupe kichwani. Nilikuwa barazani nakunja bandeji. Nikatoka.

"Ngojeni mwenyewe arudi," nikawaambia. "Kile siyo tambiko. Kinazuia umeme."

"Nesi, wewe ni wa kanisa jingine. Haya hayakuhusu."

Mama Bhoke akaja akanishika mabega yote mawili. Macho yalikuwa yanang'aa. "Atakasirika siku moja tu. Namjua. Halafu Jumapili nitakaa naye."

Wakaimba. Wakachimba. Wakakitoa chuma, wakakiombea, wakakitupa korongoni. Nilikwenda kwa daktari, alikuwa Mugumu kwenye kikao. Nikaenda kwa mwendesha jenereta, akasema kazi yake ni kuwasha na kuzima. Nikamkuta dereva wa lori la pamba anayeelekea Tarime, nikampa ujumbe: amwambie Fundi wameng'oa chuma, arudi upesi. Jenereta ikawashwa. Pampu ikapiga maji. Jioni taa zikawaka wodi nzima, na mke wa mzee wa kanisa akapita barazani makusudi kuniambia, "Umeona, Nesi? Taa inawaka."

Ziliwaka, na zikawaka tena kesho yake, na Mama Bhoke akawa anaimba kisimani.

Halafu asubuhi moja nilisikia beseni likianguka. Beseni la bati lina sauti yake. Nilikimbia nikipiga kelele, "Zima! Zima!" na mwendesha jenereta akazima, lakini Mama Bhoke alikuwa tayari chini, mkono bado uko kwenye bomba, mashuka yamemzunguka miguuni. Tulimlaza hapo hapo. Nikamkandamiza kifua, nikampulizia pumzi, nikamtukana, ndiyo, nilimtukana, "Amka wewe mwanamke, amka!" Hakuamka. Kwenye kiganja palikuwa na alama ndogo tu ya kuungua, kama aliyeshika mfuniko wa moto.

Fundi alifika adhuhuri ile ile. Ujumbe wangu ulimkuta, akaacha kazi ya watu, akapanda lori la kwanza. Alishuka kabla halijasimama. Watu walikuwa wamejaa uani na vilio vinasikika, akajua. Lakini hakuja wodini. Alikwenda kwanza nyuma ya banda la pampu, akakaa huko. Watu wakaanza kunong'ona: mwanaume gani huyu, mke amelala, yeye anakwenda kwenye chuma chake.

Halafu akaja. Tulimpisha. Akapiga magoti kando ya kitanda, akanyoosha mkono, na nilitegemea ule mgongo wa mkono. Alimwekea kiganja. Kiganja kizima, kuanzia paji, juu ya macho, mpaka kidevuni, polepole, akarudia. Nilitoka nje. Mimi nimeona vifo vingi, sikuweza kukaa mle.

Baada ya mazishi wakaja watu kutoka wilayani kuuliza. Kikao kilifanyika ofisi ya kijiji. Wanawake wa kanisa walikaa pamoja, kanga midomoni, na mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote. Fundi akasimama kabla yangu.

"Nilikifungua mwenyewe kabla ya safari," akasema. "Nilitaka kukisafisha. Nikasahau kukirudisha."

Nikanyanyuka. Akanigeukia, akatikisa kichwa kidogo sana, na macho yale yalikuwa ya mtu anayeomba. Fundi hakuwahi kumwomba mtu kitu. Nikakaa. Moyo ulikuwa unanipasuka kwa hasira, na sijui nilimkasirikia nani zaidi, wale au yeye. Wakamfukuza kazi. Wengine wakasema aende jela, ikashindikana. Watoto walimzomea alipokuwa anapakia vitu vyake, "Muuaji wa mke!" na hakuna mwanamke hata mmoja wa wale waliochimba aliyefungua mdomo. Akaondoka.

Miaka ikapita. Ilikuwa kile kipindi cha dhiki, sabuni hakuna, sukari hakuna, kila mtu ana ndugu yake Sirari mpakani wa kumtafutia. Nilikuwa nimekwenda Tarime kutafuta sabuni ya magendo, nikasikia anaishi Turwa. Nikamfuata. Nilimkuta anapalilia migomba, amekonda, mvi kichwa chote.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akanitazama usoni, hakutazama miguu. "Nesi. Bado unasema sana?"

"Zaidi."

Akanipa kigoda. Tulizungumza habari za mvua, za binti yake Bhoke aliyeolewa Nyamongo na ana watoto. Nikamuuliza kama amerudi Mezani.

"Walinikaribisha. Kanisa la hapa hawana shida nami. Nilikwenda siku moja, nikasimama na wengine, nikafika nusu ya njia." Akasugua jembe kwa kidole. "Nikarudi. Nitakaa na nani pale mbele?"

Hapo nikashindwa kunyamaza. Nilimwambia nilikaa kimya siku ile kwa sababu yake, lakini kwa nini alijibebesha, wale wanawake leo wana wajukuu wanawabatiza, na yeye anaitwa muuaji. Akaniacha nimalize.

"Nesi, waya uliuona?"

"Waya gani?"

"Wa kijani. Wangeng'oa wao wangeukata kwa jembe. Nati ilifunguliwa kwa spana, spana yangu, ile niliyoificha nyumbani. Na waya ulikuwa umekunjwa duara, umefungwa ncha, vile ninavyokunja mimi, umewekwa juu ya jiwe usilowe." Akachora duara hewani kwa kidole. "Aliniwekea. Alidhani nitauhitaji kazini."

Kumbe miaka yote nilimficha jambo analolijua. Nami nilikuwa nimeapa nitakwenda nalo kaburini, kwamba mkono uliofungua nati, niliouona mwenyewe, ulikuwa wa mkewe.

"Ningesema kimeng'olewa na wale," akasema, "wangeulizwa nani alifungua. Wangemtaja. Watu wangesema amejiua kwa ujinga wake. Hakuwa mjinga. Sikumweleza. Nilimweleza kila mtu kwa ukali, yeye sikumweleza kabisa, nilidhani ananiamini tu."

Nikalia. Yeye hakulia. Akaniuliza, kwa sauti ya kuulizia bei, "Siku ile wanachimba, wewe ulikuwepo. Alikuwaje?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema alilazimishwa, alisita, alikuwa na hofu. Labda ingemfaa zaidi.

"Alikuwa na furaha, Fundi. Sijamwona na furaha vile. Aliimba tangu wanafika mpaka wanaondoka, na siku zote zile mpaka ile ya mwisho, wimbo mmoja tu. Mpaka ukanikera."

"Wimbo gani?"

"Nyimbo zenu nitazijulia wapi?"

"Tuni yake."

Nikaivumisha kwa pua. Mimi sina sauti, na nilikuwa nalia, nikaikosea. Akanirekebisha mahali pamoja. Nikaendelea. Alipoitambua akaacha jembe likaanguka, akakaa chini kwenye udongo wa migomba.

"Huo huwa tunauimba tukiinuka kwenye benchi," akasema. "Tunaposhikana kwenda Mezani."

Nikataka kunyamaza, akanionyesha kwa mkono niendelee. Nikaendelea kuvumisha ule wimbo usio wangu, vibaya vibaya, na Fundi ameinamisha kichwa, midomo inataja maneno bila sauti, mpaka ukaisha, na akaniomba nianze tena.